Nyumba ya Kati ya Hospitali na Nyumbani

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Ustawi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu zilizosomwa asubuhi hii mmesikia ya kuwa fungu la mazishi ndilo lililotumika kuliko mafungu yote. Hakuna aliyeuliza swali, maana kuzikana ni wajibu, na kwa ajili ya wajibu huo wazee wetu walikianzisha chama hiki. Lakini sisi tuliopewa daftari la wagonjwa twajua ya kuwa mmoja katika wale tuliowazika tulikuwa tumekwisha kumlipia matibabu, naye akapata nafuu, kisha tukampoteza. Habari yake ndiyo iliyotuleta mbele yenu.

Jina lake hatutalitaja, kwa heshima ya mama yake aliye pamoja nasi leo. Alikuwa fundi seremala, kijana mpole, aliyenaswa na unga wa heroini. Ninyi mlichanga, naye akakaa miezi mitatu katika kituo cha tiba. Aliporudi tulichinja mbuzi, tukamwombea dua, tukampa randa na msumeno mpya, kisha kila mmoja wetu akaenda zake. Chumba chake kilikuwa kile kile, hatua chache kutoka maskani ya wale aliokuwa akivuta nao. Mchana hakuwa na kazi, na usiku hakuwa na wa kuzungumza naye. Katika wiki ya sita alirudia mara moja, kwa kipimo kile kile alichokizoea zamani. Asubuhi tuliukuta mlango umefungwa kwa ndani.

Waganga wametufunza sababu yake. Mtu aliyeacha heroini kwa muda, mwili wake hupoteza ule uzoefu wa kuistahimili. Kipimo alichokichukua jana bila kudhurika, leo humzuia pumzi. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni au gerezani ndizo za hatari kubwa kabisa. Nasi wiki hizo ndizo tulizomwacha peke yake, tukidhani kazi imekwisha.

Wazee wetu, twakiri ya kuwa kosa hili ni letu sote. Tulitenga fedha za hospitali, tukatenga na fedha za sanda, lakini kati ya hospitali na nyumbani hatukutenga kitu.

Pengo hilo wengine wamekwisha kulijengea nyumba. Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland huko Marekani, nyumba moja iliyowatunza walevi waliotoka matibabuni ilikuwa yafungwa ili kupunguza gharama. Wakazi wake walikataa kutawanyika. Waliikodi wenyewe, wakaiita Oxford House, wakajiwekea kanuni tatu: nyumba itaendeshwa kwa kura ya wakazi; kila mkazi atalipa sehemu yake ya kodi na chakula; na atakayerudia pombe au dawa za kulevya ataondoka mara moja. Hakuna mganga wala mlinzi anayelala humo. Viongozi huchaguliwa na wenzao, wala hawashiki wadhifa mmoja kwa zaidi ya miezi sita, ili fedha na amri zisimzoee mtu mmoja. Leo nyumba za namna hiyo zapita 3,000.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, walizipima nyumba hizo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Waliwachukua watu 150 waliotoka matibabuni, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakaenda Oxford House, nusu wakarudi walikozoea kurudi. Baada ya miaka miwili, katika wale waliokwenda kwao, 65 kwa kila mia walikuwa wamerudia ulevi. Katika wale wa nyumba, 31 kwa kila mia. Tena pato la wakazi wa nyumba kwa mwezi lilikuwa kama mara mbili ya pato la wenzao.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili ni la ng'ambo tu. Jirani zetu wa Zanzibar wanazo nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba, tangu karibu mwaka 2009. Nyingi zaongozwa na watu waliokuwa waraibu wenyewe. Mkazi huamka kwa saa maalumu, hufagia, hupika kwa zamu, huketi mkutanoni na wenzake, na husema mbele yao hali ya moyo wake bila kuficha. Mwenye kumsikiliza ni mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

Sasa tujibu yale tuliyoyasikia barazani.

Baadhi yenu mmesema: walevi wakikaa pamoja wataharibiana. Ndivyo ilivyo, iwapo hawana kanuni. Lakini mtu aliyeacha juzi, akikaa na aliyeacha mwaka mmoja uliopita, humwona kwa macho yake mtu aliyeweza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wengine mmesema: mahali pake ni kwa mkewe. Twaiheshimu ndoa, lakini mke huyo amekwisha kuuziwa sufuria na blanketi, na watoto wake wamekwisha kulala na njaa. Tukimrudishia mumewe siku ya kwanza, twamfanya yeye kuwa askari jela na muuguzi kwa pamoja. Mpeni mume miezi sita au zaidi ya kujifunza kulipa kodi na kuamka mapema, ndipo arudi kwake kama baba.

Tena mzee mmoja alituuliza: aliyeanguka akifukuzwa, si tutamwua kama yule wa kwanza? Swali hili lilitunyima usingizi. Kanuni ya kuondoka hatuwezi kuifuta, maana mmoja akiachwa, kesho wote watakuwa wameanguka. Lakini kuondoka nyumbani si kuondoka chamani. Twaomba wazee wawili wa zamu wampokee mlangoni siku hiyo hiyo, wamfikishe kituo cha tiba, wala wasimwache usiku huo peke yake. Na akitengenea, aombe upya kwa kura ya wenzake.

Yako mambo mawili ya tahadhari. La kwanza, nyumba hii si hospitali. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe kwa ghafula aweza kushikwa na degedege na kuweweseka, hata kufa; hana budi kwanza kupita mikononi mwa mganga. La pili, wako wanaotibiwa kwa methadoni, dawa ambayo Kenya ilianza kuitoa Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Mtu anayekunywa methadoni kwa amri ya mganga asiambiwe ya kuwa bado analewa, wala asifungiwe mlango. Hiyo ni dawa yake, kama mwenye kisukari na sindano yake.

Juu ya fedha, hatuombi sadaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilitaka kila jimbo liweke mfuko wa kukopesha wa dola 100,000. Nyumba mpya ilikopeshwa zisizozidi dola 4,000 za kuanzia, nayo ikazirudisha katika miaka miwili, zikakopeshwa nyumba nyingine. Twaomba chama kifuate mwendo huo: kikodi nyumba moja ya wanaume sita, mbali na maskani, kiwakopeshe kodi ya miezi mitatu, vitanda na vyombo vya jikoni, kisha wakazi warudishe kidogo kidogo kwa jasho lao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanachama wenye karakana na maduka twawaomba wawape kazi, hata ya kutwa. Deni likirudi, likodiwe nyumba ya wanawake, maana nao wamo katika taabu hii, ila aibu huwafungia ndani tusiwaone.

Hatuwaahidi ya kuwa wote sita watasimama. Katika hesabu ile ile tuliyowasomea, hata nyumba njema ilipoteza watu. Lakini kijana wetu hakupata hata nafasi ya kupimwa na nyumba kama hiyo.

Randa na msumeno wake mama yake ametuletea, viko ofisini kwa katibu. Amesema apewe mkazi wa kwanza ajuaye useremala. Sisi tumevipokea, lakini nyumba bado hatuna. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twauomba mkutano huu upige kura juu ya mkopo huo leo, kabla hatujatawanyika.