Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vivutio vya Viwanda Kitui na Makueni

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu sera ya uwekezaji

Wananchi wa Kitui na Makueni,

Msimu wa maembe ukifika, mkulima asiye na soko jingine huuza kwa bei ya dalali, kwa kuwa embe lililoiva halingoji. Ndengu nazo huvunwa kwa wakati mmoja, bei ikashuka. Kiwanda kilicho karibu kinaweza kubadilisha hali hiyo. Ndiyo sababu kaunti hutafuta wawekezaji na kuwapa vivutio.

Je, kaunti inaweza kumpa mwekezaji nini? Wengi hudhani inaweza kumsamehe kodi zote. Haiwezi. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia Serikali ya Kitaifa kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha. Kaunti ina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Nafuu kubwa ya kodi hutolewa na Serikali ya Kitaifa. Chini ya Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya mwaka 2015, kampuni yenye leseni ndani ya eneo kama hilo hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30.

Lakini kodi ya mapato hutozwa kwenye faida. Kiwanda kisicho na maji, umeme, barabara wala malighafi hakitapata faida ya kusamehewa kodi. Hapo ndipo kaunti ina nguvu. Inaweza kuandaa ardhi yenye hati safi, kuvuta maji, kutengeneza barabara za mashinani na kuharakisha vibali. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ni mfano mzuri. Inaifungulia Kitui njia ya kufikia barabara kuu ya Mombasa na reli ya SGR. Mwekezaji akiondoka, lami inabaki, na mkulima anaendelea kuitumia.

Kaunti zote mbili pia zimewahi kujenga viwanda vyao. Makueni ilianzisha kiwanda cha matunda cha Kalamba, kinachosaga maembe kuwa rojo la kutengenezea sharubati. Kitui ilianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, ambacho mwaka 2020 kilishona barakoa wakati wa korona. Viwanda hivi vinafundisha jambo moja: kujenga jumba ni rahisi kuliko kulilisha. Mashine ya maembe huhitaji matunda yasiyo na nzi, yaliyokusanywa kwa wakati, na kazi nyingine ya kufanya msimu ukiisha. Cherehani huhitaji oda mwaka mzima.

Somo hilo ni muhimu sasa kwa sababu ya maeneo ya viwanda na ukusanyaji mazao, yaani CAIP. Katika mpango huo, Serikali ya Kitaifa na kaunti kila moja huchangia shilingi milioni 250. Hizo ni fedha za umma. Bila vyama vya ushirika vyenye nguvu vya kupeleka mazao, majumba hayo yatabaki matupu.

Kitui na Makueni, pamoja na Machakos, zimo katika jumuiya ya kiuchumi ya SEKEB. Zikishindana kusamehe ada, mwekezaji ataenda anakopewa zaidi, na kaunti zote zitapoteza. Zikigawana kazi, kiwanda cha upande mmoja kitanunua mazao ya pande zote.

Mwisho, Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi haisamehewi ila kwa mujibu wa sheria. Kila msamaha lazima uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo, katika vikao vya ushiriki wa umma, mkazi ana haki ya kuuliza: Mwekezaji amepewa nini, na kwa muda gani? Atanunua mazao ya nani, kwa mkataba gani? Asipotimiza ahadi, kaunti itarudishiwa nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maswali hayo ndiyo njia ya mwenyeji kuhakikisha kwamba naye anapona.