Lango la Ukungu



Leo twawaalika mshuke pamoja nasi ngazi za stesheni moja ya chini ya ardhi katika jiji la Tokyo, nchini Japani. Jina lake ni Kasumigaseki, nasi kwa lugha yetu tungeiita lango la ukungu. Hapo hukutana njia tatu za treni: ile ya Marunouchi iliyofika mwaka 1958, ya Hibiya mwaka 1964, na ya Chiyoda mwaka 1971. Juu yake zimesimama wizara za serikali. Kila asubuhi ya kazi maelfu ya watu hushuka, hubadili treni, hupanda ngazi, kila mmoja na haraka yake. Ni nani kati yao amtazamaye mtumishi aliyesimama kando ya reli?

Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995, wafuasi watano wa dhehebu la Aum Shinrikyo waliingia katika treni tano zilizokuwa zikielekea huko. Walibeba mifuko ya plastiki yenye sumu iitwayo sarini. Wakaiweka sakafuni, wakaitoboa kwa ncha za miavuli, wakashuka. Aliyewatuma ni mwalimu wao wa dini.

Aliyepanda treni ya Chiyoda alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo, Ikuo Hayashi. Hakuwa mjinga, wala mhuni wa mitaani. Baadaye alieleza kwamba alipowatazama abiria alisita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuokoa maisha. Hata hivyo alitoboa. Hapa, ndugu zetu, sisi tunaofundisha dini yatupasa kunyamaza kidogo. Tumezoea kumsifu mwanafunzi asiyeuliza swali. Katekista humpenda, na padre humpenda zaidi. Lakini sauti ile iliyomsumbua daktari ndani ya behewa ilikuwa sauti njema, na aliyemzoeza kuipuuza alifanya hivyo kwa jina la dini.

Treni ikafika Kasumigaseki, sakafu yake imelowa. Kazumasa Takahashi, msaidizi wa mkuu wa stesheni, na mwenzake Tsuneo Hishinuma, hawakuwa na mavazi ya kujikinga na sumu, wala hawakujua kwamba ile ni sumu. Walijua tu kwamba behewa limechafuka na ndani yake mna watu wanaosafiri. Wakashughulika kuiondoa ile mifuko na kusafisha. Wote wawili wakafa. Katika treni ile ya Chiyoda, waliokufa ni hao wawili.

Kwa treni zote tano, watu 13 walihesabiwa kuwa wamekufa, na maelfu wakaumia. Wa 14 alifariki mwaka 2020, baada ya miaka 25 ya ulemavu mzito. Daktari alikiri kosa lake mahakamani, na mwaka 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwalimu wake, Shoko Asahara, alinyongwa mwaka 2018.

Kila mwaka, tarehe 20 Machi, yapata saa mbili asubuhi, watumishi wa Kasumigaseki husimama kimya na kuinamisha vichwa. Wengi wa vijana walio kazini leo hawakupata kuwaona wale wawili. Kisha hurudi kwenye nafasi zao kando ya reli, kwa maana saa hiyo ndiyo ya abiria wengi.