Pesa ya wazee wetu kule Marekani: fungu la serikali kuu na nyongeza ya jimbo

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama na marafiki wa ushirika



Mmetuomba tuseme juu ya jambo moja ambalo limeleta ugomvi katika familia nyingi hapa kwetu. Tunapopita vijijini, kutoka Uvira mpaka Baraka na Fizi, tunasikia lawama ile ile: "Baba mkubwa alitoka kambi ya Nyarugusu, wakamupeleka Marekani. Sasa serikali inamulipa kila mwezi, lakini sisi tuliorudi hatuoni hata dola kumi. Ametusahau." Mwingine anaongeza: "Mama wa jirani yuko kule kule, mzee kama yeye, na anapata zaidi. Baba anatuficha." Leo tunataka kueleza pesa hiyo inatoka wapi na inaishia wapi, ili tuache kuwashitaki wazee wetu bure.

Pesa yenyewe inaitwa SSI. Ni ya mtu aliyefika miaka 65, ao kipofu, ao mwenye ulemavu mzito, ambaye mapato yake na mali yake ni kidogo sana. Hawamuulizi kama alifanya kazi miaka mingapi. Hapo iko tofauti na CNSS yetu huku Kongo, ambayo inamulipa mtu aliyechangia wakati wa kazi. Mama aliyelima muhogo maisha yake yote, CNSS haimujui. SSI inaweza kumujua.

Zamani kule Marekani kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake wa kusaidia wazee, vipofu na walemavu. Jimbo moja linatoa vizuri, lingine linatoa kidogo tu. Mwaka 1972 sheria mpya ikapita, na kuanzia Januari 1974 serikali kuu ikachukua mzigo huo, ikaweka kiwango kimoja kwa majimbo yote. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na dola 1,450 kwa mume na mke ambao wote wawili wanastahili. Hicho ndicho kiwango cha juu. Mzee akiwa na mapato mengine, wanapunguza. Akikaa bure katika nyumba ya mtoto wake, wanaweza kupunguza pia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Majimbo mengine yalikuwa tayari yanalipa zaidi ya kile kiwango kipya. Ili watu wa zamani wasipoteze, majimbo yalilazimishwa kujaza pengo lao. Tena kila jimbo likapewa ruhusa ya kuongeza kwa hiari yake kwa watu wengine. Hiyo ndiyo nyongeza ya jimbo, na ndiyo inayofanya wazee wawili wa kambi moja, waliopanda ndege moja, wapate pesa tofauti.

Mzee anayeishi peke yake California, mwaka 2025, jimbo lilimuongezea karibu dola 240, jumla ikafika kama 1,207. Akiwa New York na anakaa peke yake, nyongeza ni dola 87. Akikaa pamoja na wengine, ni 23. Pennsylvania ni kama dola 22. Arizona na Tennessee hawaongezi kitu. Texas, ambako ndugu zetu ni wengi, nyongeza inawahusu wale walio katika nyumba za uuguzi, si mzee anayekaa na watoto wake. Kwa hiyo baba mkubwa hakudanganya. Yeye yuko jimbo lingine, basi.

Hata namna ya kulipa si moja. Kuna majimbo yanayoipa serikali kuu ile nyongeza, na mzee anapata vyote pamoja. Kuna mengine yanalipa yenyewe, kwa biro yao, na mara nyingi ni lazima mzee aulize na kujaza fomu nyingine. Asiyejua kusoma, asiye na mjukuu wa kumusindikiza, anaweza kukosa haki yake miaka na miaka. Ndugu mlio kule na mnaosoma gazeti hili, tunawaomba: ulizeni kwa ajili ya wazee wenu.

Na msifikiri pesa hiyo ni utajiri. Kule nyumba ni ya kupanga, na kodi peke yake inaweza kula zaidi ya nusu. Lakini kuna mambo matatu mengine ambayo sisi wenyewe huku, bila kujua, tunaweza kumuharibia mzee.

La kwanza ni mali. Mtu anayepata SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 za akiba, ao 3,000 kwa mume na mke. Kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 1989. Kwa hiyo tusimuombe mzee atutunzie pesa ya familia kwa konti yake. Tena kuna desturi yetu ya kuandikisha kiwanja ao nyumba kwa jina la mzee aliye ng'ambo, eti ndiyo heshima. Mali ya huku nayo anapaswa kuitaja kule. Ikiwa anaweza kuiuza, wanaweza kuihesabu. Karatasi moja ya kiwanja hapa Baraka inaweza kusimamisha chakula chake kule. Na akitoa mali yake bure ili aonekane hana kitu, anaweza kunyimwa mpaka miezi 36.

La pili ni safari. Tunawapigia simu: "Mzee, rudi uone makaburi ya wazazi." Ni neno zuri. Lakini akitoka nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI inasimama, na akirudi ni lazima akae siku 30 mfululizo kabla ya kustahili tena. Pesa hiyo haimufuati Kongo. Mzee anayetaka kurudi kabisa, kama sisi tulivyorudi, ajue mapema kwamba anaiacha, pamoja na nyongeza ya jimbo. Sisi hatumukatazi. Lakini familia ikae chini ijiulize: nani atamulisha, nani atanunua dawa? Swali hilo lijibiwe kabla ya tiketi.

La tatu ndilo linatuumiza zaidi. Mkimbizi anapata SSI kwa miaka 7 tu, isipokuwa amekuwa raia wa Marekani. Kuomba uraia kunahitaji kwanza miaka 5, halafu mtihani wa Kiingereza na historia. Fikirini mama wa miaka 70 ambaye hakuwahi kushika kalamu. Kuna njia ya kusamehewa mtihani kwa sababu ya ugonjwa ao ulemavu, lakini ni lazima daktari ajaze fomu yake, na dosie inachukua muda. Fungu la serikali kuu likikatika, kwa kawaida nyongeza nayo inakwenda. California ina msaada wake kwa wageni wa namna hiyo, lakini si kila jimbo lina moyo huo. Kwa hiyo familia isingoje mwaka wa saba. Mwaka wa tano ukifika, kazi ianze.

Sasa turudi kwetu. Kuna fundisho ndani ya habari hii, na tutalisema wazi hata kama litawachoma wengine. Katika ushirika wetu, pesa ya marafiki inatoa fungu sawa kwa kila mzee na kila mlemavu, na matawi yanaongeza kutoka kasha nyekundu. Ni kama serikali kuu na majimbo. Lakini wafadhili walipoongeza fungu lao, kuna matawi yaliyopunguza la kwao kimya kimya. Mzee hakuona hata franga moja zaidi. Kule Marekani waliona hila hiyo mapema: sheria ya mwaka 1976 inataka ongezeko la serikali kuu limufikie mzee, jimbo lisilimeze njiani. Na sisi tunahitaji sheria kama hiyo.

Kwa hiyo tunaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Moja: fungu la marafiki likipanda, tawi lisishushe mchango wake. Mbili: tawi lisilo na uwezo lisaidiwe na matawi yenye nguvu, ili mzee asiteseke juu ya mahali anapolala.

Na jioni ya leo, mwenye baba ao mama kule amupigie simu. Asimuulize pesa. Amuulize amefikisha mwaka wa ngapi, na nani anamusaidia na fomu.