Sauti za Wazee Wetu Zisipotee Kabatini



Hapa Mpanda, tangu kabla ya Mkoa wa Katavi kuundwa mwaka 2012, mawaidha mengi yalitufikia kwa kanda za kaseti. Wengi wa waliozungumza humo wamekwishatangulia mbele ya haki, na utepe wa kanda huharibiwa na joto, vumbi na unyevu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuunganishe redio kaseti na kompyuta kwa waya wa sauti, tuirekodi kanda inapocheza. Kwa mfumo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja huchukua takriban megabaiti 58. Kanda 1,000 za saa moja hazifiki gigabaiti 60. Pili, mafaili tuyaweke katika folda ya pamoja, na kompyuta iunganishwe na ruta. Mtandao huu wa nyumbani hauhitaji intaneti wala vocha: babu barazani na wajukuu chumbani watasikiliza kwa simu zao. Tatu, nakala nyingine ikae nyumba ya pili, kwani diski nayo huharibika bila kupiga hodi.

Elimu ni amana. Tuanze na kanda iliyo kongwe kuliko zote.

Wabillahi tawfiq.