Maua mingi, mbika kidogo: tuchunge nyuki zetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Butembo)



Wengi wenu mmerudi kwenye mashamba ya Beni yaliyolala miaka. Mmepanda maboga mupate mbika, juu mafuta ya duka ni bei kali. Kiisha malalamiko yanakuja: maua ni mingi, lakini viboga vinageuka manjano na kuanguka. Mmoja anasema udongo umechoka, mwingine anasema jirani amemuroga. Mbele ya kugombana na jirani, tuangalie ua.

Boga lina maua ya namna mbili. Ua dume liko juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Unga wa dume, chavua, ni mzito na unanata. Upepo hauwezi kuubeba. Nyuki ndiye anaubeba. Tena kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua: nyuki wakipita mara chache, boga linapinda na mbika ndani inakuwa kidogo. Turnesoli nayo inamuhitaji nyuki. Karanga na soya zinajizalisha zenyewe kwa sehemu kubwa. Mawese yana mdudu wake mwingine; Malaysia waliuchukua Kameruni mwaka 1981, juu kule watu walikuwa wanapaka chavua kwa mkono.

Mukitaka kujua shamba lenu, fanyeni hivi. Asubuhi mapema, chuma ua dume, paka chavua yake ndani ya maua jike matano yaliyofunguka siku ile, funga kamba kwenye kila kikonyo. Mengine matano muache. Kama ya kamba yanashika na mengine yanaanguka, nyuki ni wachache. Kama yote yanaanguka, sasa tuulize udongo na maji.

Nyuki tunawapoteza wapi? Tunachoma mzinga kwa kutafuta asali. Tunapiga dawa asubuhi, wakati ua la boga limefunguka. Mbele ya saa sita linafunga. Basi, dawa ni jioni. Asali ni kwa moshi, hapana kwa moto, na masega mengine yabakie. Mizinga iwekwe pembeni ya shamba, mbali na njia ya watoto na mbuzi.

Wafadhili, mbegu zinasaidia kweli. Lakini mukileta mbegu za maboga, leteni na mizinga pamoja na nguo za kujikinga.

Kila kikundi kilete hesabu ya maua yake kumi kwenye mukutano unaokuja.