Kwa Nini Damu ya Mtoto Hutolewa Tena

Umempeleka mtoto kliniki, akadungwa sindano, akalia hadi nawe ukatokwa na machozi. Baada ya siku chache unaambiwa damu imeharibika, itolewe tena. Unakasirika, na una haki.

Lakini sikiliza. Kipimo cha CD4 huhesabu chembe za kinga zilizo katika damu, na damu ikikawia chembe hizo hufa. Damu hutiwa katika chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, iliyo na dawa ya kuizuia isigande. Hupinduliwa polepole, kisha huwekwa kivulini. Isipigwe na jua, wala isitiwe kwenye friji! Wengi wetu hudhani baridi huhifadhi kila kitu kama maziwa, kumbe damu ikiganda barafu, chembe hupasuka. Chupa ya kawaida yafaa kupimwa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana zahanati ya mbali hukuambia uje asubuhi, siku ya gari la maabara. Uliza: "Daktari, damu hii itaondoka leo?"

Lile tone la kisigino cha mtoto wa wiki 6 ni jambo lingine. Hilo hukaushwa kwenye karatasi, nalo husafiri siku nyingi, kwa sababu hutafutwa alama za virusi, si chembe hai.

Na dawa za mtoto zisisimame kungoja majibu ya CD4. Tangu 2016 hapa Kenya, mwenye virusi huanzishwa ARV hata hesabu hiyo ikiwa juu.