Saa ya Choo cha Kwanza
Hotuba ya mgeni rasmi katika mahafali ya wauguzi na wakunga



Wahitimu wetu, kwa kuwa wengi wenu mnakwenda wodi za wazazi, naomba nizungumzie utumbo wa mtoto mchanga. Utumbo una neva zake wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, zilizotanda ndani ya kuta zake. Tonge likitanua ukuta, seli za utando wa ndani humwaga serotonini. Neva zikipata habari huamuru misuli iliyo nyuma ya tonge ikaze na iliyo mbele ilegee, chakula kikasogea. Mwaka 1899, jijini London, Bayliss na Starling walikata neva zinazounganisha utumbo wa mbwa na ubongo na uti wa mgongo. Utumbo ukaendelea kusukuma.

Seli hizi za neva hazianzii utumboni. Mimba ikiwa changa huhama kutoka upande wa shingo ya kijusi, zikaingilia juu na kushuka. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, hazifiki mwisho. Kipande cha chini hubaki kimekaza, hakiwezi kulegea, na sehemu iliyo juu yake hujaa na kuvimba. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886, na kwa miaka mingi madaktari waliilaumu sehemu iliyovimba. Kumbe kibovu ni kile kipande chembamba kilichoonekana kizima! Mwaka 1948, Orvar Swenson wa Boston alionyesha kwamba kikiondolewa hicho, na utumbo wenye neva ukashushwa na kuunganishwa chini, mtoto hupata choo.

Wahitimu, mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kwa kawaida hupata kile choo cheusi ndani ya saa 24. Akifikisha saa 48 bila choo, au tumbo likijaa na akatapika kijani, msimwambie mama asubiri. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, kwani utumbo ulioziba huweza kupata maambukizi yanayoua haraka.

Najua vitanda havitoshi, na mama wengi huruhusiwa kabla ya siku kuisha. Basi kabla hajatoka, mwulizeni kama mtoto amepata choo, na muiandike saa yake kwenye kadi. Kama bado, mwambieni arudi kesho yake, na mumpe namba ya simu ya wodi.

Mkuu wa Chuo, niko tayari kutoa vyeti.